Kushikiana Kalamu

4 Februari

Wifi yangu, Mama Wodi,

Pokea salamu za mtu aliyekaa kitandani na viatu vya kazi bado mguuni, kwa sababu kuinama kuvivua nako ni kazi nyingine. Mimi mzima. Miguu tu ndiyo inayopinga taarifa hii.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu ya hiyo simu yenu. Nikipiga, mume wangu anaiweka mezani na nyumba nzima inakaa kuizunguka kama inasikiliza mpira. Hapo nitasema nini? Nasema niko vizuri, Pengo ananiimbia wimbo wa shule, tunaagana. Mengine hayasemeki mbele ya mtoto wa miaka sita.

Wifi, nimechoka. Chumba changu ni kidogo kiasi kwamba nikifungua mlango wa kabati, mlango wa chumba haufunguki. Jiko tunatumia watu watano, kila mmoja na rafu yake na kufuli lake, hata chumvi imefungiwa. Kazini ndiyo usiseme. Uliniita Upepo kwa jinsi nilivyokuwa nikipita wodini. Njoo unione huku, upepo umekata. Mzazi akiomba maji nampa maji, kisha naandika kwamba nimempa maji, saa ngapi, kiasi gani, na jina langu chini. Mtoto akilia mara moja, mimi naandika mara tatu. Miaka tisa nimezalisha chini ya mkono wako, siku nyingine akina mama watatu kwa mpigo, na huku bado naitwa mtu wa majaribio.

Sasa ombi. Mwaka wa majaribio unaisha Juni. Baraza la leseni likiridhika nami, napewa leseni kamili, na kwa leseni hiyo mume wangu na Pengo wanaruhusiwa kunifuata. Lisiporidhika, hawaji, na mimi mwenyewe nafungasha. Baraza linataka barua ya mkuu wangu wa mwisho, yaani wewe, ieleze nilivyokuwa nikifanya kazi. Uitume kwao moja kwa moja, anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ni utaratibu wa kawaida tu, kila mtu anaombwa. Andika kwa moyo wako mweupe kama ulivyo.

Nibusie Pengo. Na mwambie huyo mdogo wako asianze kuuza randa na misumeno yake kabla leseni haijatoka.

Wifi yako,
Upepo


23 Februari

Wewe Upepo,

Barua yako imefika imekunjamana, sijui njiani ilikaliwa na nani. Eti umechoka! Umeniachia wasichana wawili ambao wakiona damu wanatafuta kiti, halafu wewe ndiye unayechoka. Haya, pole. Pole ya kweli, nisikutanie. Viatu vinavuliwa kabla ya kukaa, si baada ya kukaa. Miaka yote hiyo nilikuwa namfundisha nani?

Kuhusu mdogo wangu umechelewa. Karakana ameshamkabidhi mwenzake. Nilimwambia subiri, akanijibu, "Dada, Juni ni kesho kutwa." Seremala huyo, akipima mbao anapima mara mbili, lakini maisha yake anakata kwa macho tu. Pengo naye anaaga watu barabarani, hata wasiomjua. Juzi kamuaga muuza magazeti, yule baba akamwuliza unasafiri lini, akasema, "Mama akimaliza majaribio."

Barua ya baraza nimeiandika Jumapili kutwa, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Mganga mkuu ameipiga muhuri bila kuisoma, ananiamini. Imeshaondoka kwa posta ya haraka. Nakunakilia kipande kimoja ujue kwamba hapa ulikuwa unaonekana, hata kama sikuwa nasema:

"Mkunga huyu hana uchoyo wa nafsi yake. Katika wodi yetu tuna desturi tunayoiita kushikiana kalamu. Dawa kali zinahitaji saini za watu wawili. Mmoja akiwa ameshikwa na mama anayejifungua, au amekwenda kula, au anaumwa, mwenzake humtilia saini ili kazi isilale. Kwa miaka tisa hakuna aliyewashikia wenzake kalamu kama yeye. Amenishikia mimi mwenyewe mara nyingi, wala sikuwahi kumwomba. Mtu ambaye hawezi kukubali mwenzake aonekane hakuwepo hapatikani kirahisi."

Nilipofika hapo machozi yalinitoka, nikajicheka, mtu mzima mimi. Sasa wakisoma hiyo wasikupe leseni, basi hilo si baraza, ni kijiwe.

Kula vizuri. Sauti yako kwenye simu imekuwa nyembamba.

Wifi yako,
Mama Wodi


12 Machi

Wifi,

Kile kipande ulichoninakilia nilikisoma nikiwa napanda ngazi, nikakaa hapo hapo kwenye ngazi. Watu wakawa wananiruka na mifuko yao. Mmoja aliniuliza kama nimeanguka.

Nilikuficha. Nisamehe kwanza, kisha endelea kusoma. Barua ile haikuwa utaratibu wa kawaida. Nina kesi.

Ilikuwa Januari. Huku dawa kali ya maumivu inakaa kwenye kabati la kufuli, na kabla haijatolewa lazima wauguzi wawili waitazame dawa, wamtazame na mgonjwa, kisha kila mmoja atie saini kwenye kisanduku chake. Mwenzangu siku hiyo alikuwa mama mmoja mtu mzima ambaye mimi kimoyomoyo humwita Bibi Funguo, kwa jinsi funguo zinavyomning'inia kiunoni. Ndiye aliyenipa koti wiki niliyofika, wala sikumwomba. Alikuwa ameshafungua kabati, na kabla hajatazama dawa akaitwa chumba cha pili, mtoto amekwama mabega. Mgonjwa wangu analia. Nikaitazama dawa peke yangu, ni yenyewe. Kiasi, ndicho. Nikampa. Halafu, wifi, bila hata kuwaza, mkono ukajiendea kwenye kisanduku cha pili ukaandika jina la Bibi Funguo. Nilimwonea huruma. Nilijua atatoka kule amelowa jasho, sikutaka akute karatasi inamsubiri.

Mgonjwa hakupata madhara. Lakini jioni Bibi Funguo akaiona saini yake ambayo si yake. Hakuniuliza. Hakuninunia. Alikwenda kwa mkuu akaripoti, na kesho yake akanisalimia kama kawaida, akaniuliza kama nimeshakunywa chai! Mpaka leo sijui ni mtu wa namna gani.

Huku jambo hilo wanaliita kughushi. Niliitwa, nikakalishwa mbele ya meza, nikaulizwa: umewahi kufanya hivi kabla? Wifi, niliogopa. Nilimwona Pengo na begi lake mgongoni. Nikasema hapana, ni mara ya kwanza, ni uchovu tu. Wakaandika, nikatia saini chini, safari hii ya kwangu.

Na sasa wewe umewaambia miaka tisa.

Sikulaumu. Ulikuwa unanisifia, na kosa ni langu niliyekuacha uandike gizani. Lakini nakuomba kwa magoti, waandikie tena. Waambie ulichanganya, mwenye tabia hiyo alikuwa mkunga mwingine. Mistari mitatu tu. Kikao ni tarehe 20 Mei. Mume wangu hajui lolote, na usimwambie.

Upepo


2 Aprili

Upepo,

Sitaandika.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, na nakujibu kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitakuonea huruma. Nina miaka thelathini na moja katika kazi hii. Nimekosa mengi. Nimewafokea akina mama waliokuwa na uchungu, nimewahi kuanguka na beseni la vifaa mbele ya mkaguzi. Lakini sijawahi kuweka jina langu chini ya uongo, na sitaanza sasa nikiwa nasubiri kustaafu. Na uliniacha nikasifu kitu ambacho wewe ulishajua kinakuchoma! Ningekuwa hapo ningekupiga kofi, kisha ningekukumbatia, lakini kofi lingetangulia.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda stoo nikatoa madaftari ya dawa ya zamani. Nilitaka kujithibitishia kwamba watu wa huko wanakuza mambo. Nikakaa chini sakafuni na miwani yangu. Nikatafuta saini zangu nizitenganishe na zile ulizonishikia. Nimeshindwa. Jina ni langu, mkono siujui.

Kisha nikafika ukurasa wa mwaka ule nilipolazwa kwa homa, unakumbuka, wodi ya jirani, dripu mkononi, siku tatu sijitambui. Siku hizo tatu, daftari linasema nilikagua dawa mara nne. Na siku ya pili kati ya hizo ndiyo siku ya yule mama aliyelala usingizi mzito mpaka mkawa mnampiga makofi mashavuni. Aliamka salama, na homa iliponiachia mlikuja kunisimulia kitandani kwangu mkicheka, nami nikacheka. Nani aliitazama dawa ile mara ya pili? Nilidhani sisi ni watu tunaopendana. Nilikaa pale chini mpaka msichana mmoja akaja kunitafuta, akadhani nimeishiwa nguvu.

Nimewakataza wote kuanzia leo. Wamenuna.

Nenda ukaseme kweli. Watakavyoamua, waamue. Ukirudi, kitanda chako kipo na wodi ipo.

Mama Wodi


20 Aprili

Wifi,

Usinicheke. Nimeandika.

Nilisema sitaandika, na nilipokuwa nasema nilikuwa nimekata shauri. Lakini wewe hauko hapa unayaona. Mdogo wangu anafanya kazi kwa kutwa katika karakana ile ile iliyokuwa yake, mwenzake anamwelekeza pa kupigia msumari. Nilipita nikamwona ameinama, nikarudi njia nyingine asijue kwamba nimemwona. Hajui kitu kuhusu kesi yako. Bado anasema Juni.

Hilo ningelivumilia. Jumamosi Pengo alikuwa kwangu, namsuka, ametulia miguuni pangu. Akaniuliza, "Shangazi, mama akinyamaza anakuwaje?" Nikamwambia sikuelewi. Akasema kwenye simu mama anaongea tu muda wote, akinyamaza simu imekatika, kwa hiyo hajui mama akiwa amekaa tu bila kusema anakuwaje. Amesahau, wifi. Kichana kilinidondoka.

Jumatatu niliandika hiyo mistari mitatu. Nimesema ile desturi ya kushikiana kalamu haikuwa yako, nilikuchanganya na mkunga mwingine aliyeacha kazi, na kwamba wewe ulikuwa ukiikataa. Hilo la mwisho nimeliongeza mwenyewe. Ukishaanza kusema uongo, nusu yake haitoshi. Sikupeleka kwa mganga mkuu kupigwa muhuri, niliona haya kumwangalia usoni. Nimetia saini peke yangu na kuituma.

Usiniambie asante. Na mdogo wangu asijue milele.

Mama Wodi


24 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Ile ya tarehe mbili imenifikia. Kofi nimelipokea, shavu bado lina moto. Naandika sasa nikiwa mwepesi kidogo, na nataka wewe uwe wa kwanza kujua.

Wiki iliyopita nilimkuta Bibi Funguo chumba cha kubadilishia nguo, anapaka mafuta miguuni, miguu imevimba kama yangu. Nikajikaza nikamwuliza: nilikukosea nini mpaka ukanishtaki? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema, "Mimi? Hujanikosea. Siku ile mgonjwa alikuwa na mtu mmoja tu aliyemwangalia, na karatasi ilisema wawili. Ningemwambia nani kama si mkuu?" Kisha akanisogezea kopo la mafuta, akaniambia nipake, yanasaidia.

Nilipaka. Nikaketi pale nikamkumbuka yule mama uliyemtaja, aliyelala usingizi mzito. Nilikuwa mimi, wifi. Niliitazama dawa peke yangu na nikaandika jina lako. Mpaka leo sijui kama kiasi kilikuwa chenyewe, kwa sababu hapakuwa na wa kuniambia.

Basi jana nilikwenda ofisi ya baraza kabla ya zamu. Nikamwambia karani kwamba nilidanganya, kwamba si mara ya kwanza, na kwamba kila alichoandika mkuu wangu wa zamani ni kweli tupu. Nikasema huyo mkuu hajui kusema uongo, ndiyo maana alinisifu bila kujua anachonifanyia. Karani aliandika yote, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema nimechoka. Akaandika na hilo pia.

Sijui wataamua nini. Lakini asante kwa kunikatalia. Ungeniandikia ile barua, leo ningekuwa nimekuzamisha na wewe.

Wifi yako,
Upepo


23 Mei

Wifi,

Barua yako ya tarehe ishirini, ile ya mistari mitatu, ilinifikia siku tano baada ya mimi kukiri. Nilikimbia ofisi ya baraza kuizuia. Nilikuta imeshaingia kwenye jalada langu.

Nakueleza kikao kilivyokuwa, na sitajipendelea.

Walikuwa watatu upande ule wa meza, mimi peke yangu upande huu. Mwenyekiti ni mama mwenye sauti ya taratibu, hakunifokea hata mara moja. Aliweka mbele yangu karatasi tatu: barua yako ya kwanza yenye muhuri, maelezo yangu ya kukiri, na barua yako ya pili isiyo na muhuri. Akasema kukiri kwangu kumewaridhisha, na kwamba desturi aliyofundishwa mtu kazini wanaweza kuielewa. Moyo wangu ukaanza kushuka mahali pake. Kisha akagusa ile ya pili kwa kidole. Akasema hii inapingana na zote mbili, na mnufaika wake ni mtu mmoja tu. Akaniuliza, "Wewe uliyekuwa ukiandika saini ya mama huyu kwa miaka tisa, na hii umeiandika wewe?"

Wifi, nikapiga hesabu. Nikisema si mimi, ni yake kweli, nimekuvua nguo mbele ya watu usiowajua, wewe uliyechafuka kwa ajili yangu. Nikisema ni mimi, leseni imekwenda, Pengo haji, na mdogo wako anabaki kuelekezwa pa kupigia msumari. Nilitazama saini yako pale chini. Niliijua. Ile herufi ya kwanza unavyoivuta kama unaikokota, mimi sikuwahi kuiweza.

Nikasema, "Sijui."

Akarudia swali. Nikarudia jibu. Wakaandika.

Wamenipa siku thelathini. Watakuandikia wakuulize wewe. Ukikana, ni kughushi mara ya pili na nimefutwa. Ukikubali, wamesema leseni haina kizuizi kingine. Nimekutupia mzigo ambao ningeubeba kwa neno moja. Sitakuomba chochote safari hii, sina uso wa kukuomba. Fanya utakavyoona.

Nimeandika barua hii mara nne.

Upepo


28 Juni

Upepo,

Barua yako na ya baraza zilifika wiki moja. Ya baraza nilifungua kwanza, kwa hiyo niliulizwa na wageni kabla sijaelezwa na wewe.

Sikuchelewa. Nilikwenda kwa mganga mkuu asubuhi ile ile, kabla sijavaa sare. Nikamweleza yote, la kwanza mpaka la mwisho, madaftari na homa na yule mama na barua ya pili. Alinisikiliza ameshika kidevu. Nikatia saini mara tatu mbele yake kwenye karatasi nyeupe, akaandika kwamba ameniona kwa macho yake, akapiga muhuri. Nikawaandikia baraza kwamba saini ni yangu na uongo ni wangu, wewe hukuhusika. Kwamba uliniomba, hilo sikuwaambia. Nadhani hilo ndilo la mwisho nitakalokufichia.

Mganga mkuu hakuwa na budi. Wodi amempa mwingine. Mimi napima uzito wa watoto kliniki, meza karibu na mlango, mpaka nitakapostaafu. Si kazi mbaya. Watoto wananikojolea, mama zao wananiomba radhi. Wale wasichana wawili wanakuja kuniuliza mambo mchana, wakijidai wamepita tu.

Usidhani naumia kwa hilo. Barua ya pili niliiandika kwa akili zangu timamu, hakuna aliyenishika mkono, na nilijua ikigundulika itanigharimu. Nililia siku moja, nikamaliza.

Nitakuambia kinachoniuma, kisha ninyamaze. Ungesema ni yangu, ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekupigia simu nikutukane tukacheka. Ungesema umeiandika wewe, ningepanda chochote kinachokwenda huko nije nikuchape mbele ya hao wajumbe. Lakini kusema hujui! Miaka tisa uliandika jina langu nikiwa nakula, nikiwa nazalisha, nikiwa mgonjwa. Kama kuna mtu mmoja duniani anayeijua saini yangu ni wewe, na umeniambia mwenyewe kwamba uliijua. Mimi nilijichafua nikutetee. Wewe ukasogea pembeni, ukaniacha nimesimama pale, huniiti mwongo wala huniiti mkweli. Nimejaribu kukuelewa. Ulikuwa umechoka, ulikuwa na hofu, una mtoto. Naelewa yote, na bado linauma pale pale.

Ujumbe wako umefika, leseni imetoka. Mdogo wangu alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Ulipopiga simu Jumapili ukauliza kama wifi yupo, nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nilimwashiria mdogo wangu aseme nimetoka. Nilisikia ulivyosema, "Basi, msalimieni."

Wataondoka mwezi ujao. Nitawafungasha mwenyewe, maana mdogo wangu akifungasha atasahau nguo na kukumbuka misumari. Pengo ana kikohozi kidogo cha vumbi, dawa nimemwekea kwenye mfuko wa mbele, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Usiku anapenda mlango uachwe wazi kidogo. Akifika usimsemeshe sana. Kaa naye tu, ukiwa umenyamaza, akuangalie mpaka atosheke.

Na wewe usiniandikie kwa sasa. Sijasema kabisa, nimesema kwa sasa. Habari zenu nitazipata kwa mdogo wangu.

Shangazi yake Pengo